Video Yako Ikifungwa kwa Sababu ya Wimbo

Video ya arusi iliyopigwa katika mji wa Kiwanja, eneo la Rutshuru, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, haitazamwi Kiwanja peke yake. Huangaliwa Goma, Kampala na Nairobi, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Rwamwanja nchini Uganda, na kwa ndugu waliofika Ulaya na Marekani. Tangu mwisho wa Oktoba 2022, waasi wa M23 walipouteka mji pamoja na Rutshuru-Centre, familia nyingi zimetawanyika, na wengi huhudhuria sherehe na misiba ya kwao kwa simu tu. Ndiyo maana inauma sana sauti ya video nzima inapozimwa eti kwa kuwa sono, yaani mitambo ya muziki ya ukumbini, ilikuwa inapiga wimbo unaovuma wakati baba wa bibi harusi anatoa baraka. Wimbo ule unapatikana popote. Baraka za yule baba hazipatikani pengine.

Nawaandikia wanakwaya, kameramani wa arusi, watangazaji wa redio, vijana wa vichekesho na wenye studio za chumba kimoja. Kutumia kipande cha wimbo wa mwenzako kwa nia njema na kwa kiasi ni jambo ambalo sheria inalitambua. Lakini haki hiyo haitakufaa kama hujui inaishia wapi, kama huijibu mashine kwa maandishi, na kama tutaendelea kuiacha sheria ya Congo kama ilivyo.

Kwanza ujue ni nani aliyekufungia. Mara nyingi si mtu. YouTube ina mfumo uitwao Content ID, ulioanza mwaka 2007. Kampuni ya muziki hupeleka nakala ya wimbo wake, mfumo huchukua alama ya sauti ya wimbo huo, kisha kila video inayopakiwa hulinganishwa na alama hizo. Zikifanana, linatokea lile ambalo mwenye wimbo amekwisha kulichagua: video ifungwe, au iachwe lakini pesa za matangazo ziende kwake, au iachwe tu naye afuatilie inaangaliwa wapi na mara ngapi. Facebook nayo ina mfumo wa namna hiyo, na wenyewe hupenda kuzima sauti. Mfumo unajua kwamba sauti mbili zinafanana. Haujui kama ni msiba, somo, habari au wizi.

Na hukosea. Mwanzoni mwa 2018 mwanamuziki wa Australia, Sebastian Tomczak, alieleza kwamba video yake ya mvumo mtupu wa saa 10, isiyo na muziki hata kidogo, ilikuwa imedaiwa mara tano. Mwaka huohuo mpiga piano Mwingereza James Rhodes alijirekodi akipiga kipande cha Bach, mtunzi aliyefariki 1750, na Facebook ikanyamazisha sekunde 47 za video hiyo kwa dai lililotolewa kwa jina la Sony. Rhodes alipiga kelele hadharani, watu wakamuunga mkono, dai likaondolewa. Mwanakwaya wa Kiwanja hana wafuasi wa kumpigia kelele. Silaha yake ni fomu ya pingamizi, na watu wengi ninaowajua hawajawahi kuifungua.

Sasa sheria. Ya kwetu ni Sheria-Amri nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Ilitungwa zama za Mobutu, muziki ukiuzwa kwa sahani na kaseti, miaka 19 kabla YouTube haijazaliwa. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inawalinda pia waimbaji, wapiga vyombo na watayarishaji wa rekodi kwa ile tunayoiita hakishiriki. Malipo ya watunzi yalikuwa yakikusanywa na SONECA, iliyoundwa 1969. Mwaka 2011 nafasi yake ikachukuliwa na SOCODA. Machi 2023 nchi ikapata Kanuni ya Kidijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni, saini za elektroniki, data binafsi na makosa ya mtandao. Hata hivyo, kameramani wa Kiwanja anayetaka kuijibu Facebook leo hapati kwa urahisi katika sheria hizo mbili sentensi nyepesi ya kushika na kusema: soma hapa, nimeruhusiwa.

Anachoweza kushika ni Mkataba wa Berne, ambao Congo ni mwanachama wake tangu miaka ya 1960. Kifungu cha 10 kinasema ni halali kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, ilimradi unafanya hivyo kwa uungwana, huzidishi kipimo kinachohitajiwa na kusudi lako, na unataja ilikotoka pamoja na jina la mtunzi. Nchi mwanachama haina hiari juu ya hilo. Kwa hiyo unaponukuu wimbo ili kuuchambua, humwombi mtu hisani.

Majirani zetu wameliandika wazi zaidi. Ukivuka Bunagana kwenda Kisoro, au ukipitia Ishasha, unaingia nchi ambayo sheria yake ya hakimiliki ya 2006, kifungu cha 15, inataja matumizi ya haki (fair use) na kumpa hakimu mambo manne ya kupima: kusudi la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari yake kwa soko la mwenye kazi. Vipimo hivyo ni vilevile vya kifungu cha 107 cha sheria ya Marekani ya 1976. Nakushauri uvitumie hata kama sheria yetu haijaviandika, kwa sababu YouTube na Facebook ni kampuni za Marekani na fomu zao za pingamizi zinazungumza lugha hiyo.

Kusudi ndilo zito. Mtangazaji anayepiga sekunde ishirini za wimbo mpya, akasimamisha, akaeleza namna gitaa la sebene lilivyoingia, kisha akapiga sekunde nyingine kumi na tano ili msikilizaji aisikie besi, huyo anachambua. Kameramani anayechukua wimbo huohuo mzima na kuulaza chini ya picha za keki na msafara wa magari, anautumia kwa kazi ileile ambayo mtunzi aliutungia, yaani kupendeza na kuchezesha. Huyo anahitaji ruhusa. Nasema waziwazi kwa kuwa wengi wanajitetea kwamba arusi ni jambo la kifamilia. Ni la kifamilia kwa bwana na bibi harusi. Kameramani amelipwa, na video ameiweka kwenye ukurasa wake ili apate wateja wengine.

Kuhusu kiasi, jiulize ni sekunde ngapi na ni sehemu gani. Ukichukua kiitikio chote, yaani sehemu ambayo watu wanaununulia wimbo, umechukua kingi hata kama ni kifupi. Kuhusu soko, jiulize kama mtu akishapata video yako bado atakuwa na haja ya kwenda kwa mwenye wimbo. Aliyesikiliza uchambuzi wa redio bado atautafuta wimbo mzima, pengine kwa hamu zaidi. Lakini kijana mwenye kompyuta pale sokoni anayejaza nyimbo mia mbili kwenye kadi ya memori ya mteja kwa franka chache amemaliza haja yote ya mteja huyo. Yule kijana anatafuta chakula, najua, na sina ubaya naye. Ila asiitwe mfano wa matumizi ya haki, maana kila tunapomtetea yeye kwa jina hilo tunawapa kampuni za muziki sababu ya kutunyima sisi wengine.

“Yaya, mbona nimeandika chini ya video kwamba wimbo si wangu, na bado wameifunga?” Swali hili huulizwa na kila mwenye chaneli mpya. Jibu ni kwamba maneno hayo hayana nguvu yoyote ya kisheria. Kumtaja mtunzi ni wajibu wako unaponukuu, lakini kumtaja peke yake hakukupi ruhusa. Kutouza video kunasaidia kidogo, hakutoshi. Na ile imani iliyoenea kila mahali, kwamba sekunde 30 za wimbo ni za bure, haimo katika sheria ya nchi yoyote ninayoifahamu. Kundi la Kijerumani Kraftwerk liliendesha kesi kwa zaidi ya miaka ishirini juu ya kipande cha sekunde mbili kilichochukuliwa na mtayarishaji mwingine katika wimbo wa 1997, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hata kipande kifupi sana huhitaji ruhusa ya mtayarishaji wa rekodi, isipokuwa kiwe kimebadilishwa kiasi cha kutotambulikana kwa sikio. Saa ya mkononi haitakuokoa. Kinachokuokoa ni sababu.

Wanakwaya, nanyi mna jambo lenu, na ninalipa nafasi kwa sababu sehemu kubwa ya muziki unaotoka Rutshuru kwenda mtandaoni ni wenu.

Wimbo una haki mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti zake, na kuna rekodi. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa wimbo wake Masanga. Utunzi ni wa Mwenda. Rekodi ni kitu kingine, chenye mwenyewe mwingine. Mwenda alifariki 1990, kwa hiyo kwa hesabu ya sheria yetu utunzi wake unalindwa hadi mwisho wa 2040. Franco Luambo alifariki Oktoba 1989. Nyimbo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2039. Wimbo kuwa wa zamani hakumaanishi kwamba uko huru. Angalia mwaka wa kifo cha mtunzi, usiangalie umri wa wimbo.

Sasa chukueni utenzi kama Amazing Grace. Mwandishi wa maneno yake, John Newton, alifariki 1807. Mnaweza kuuimba, kuupanga kwa sauti nne, kuurekodi na kuupakia bila kumwomba mtu. Lakini mkipakua muziki wa kuimbia kutoka YouTube na kuimba juu yake, mmetumia rekodi ya mtu, na mashine itaikamata siku hiyohiyo. Mpeni kazi mpiga kinanda wenu. Hata akipiga kwa shida kidogo, rekodi ni yenu nyote. Angalieni pia tafsiri: maneno ya Kiingereza yanaweza kuwa huru wakati maneno ya Kiswahili mliyo nayo kitabuni yana mfasiri aliyefariki juzi, au chama kinachomiliki kitabu. Na nyimbo mpya za sifa kutoka Australia, Marekani au Nigeria, mnazozitafsiri wenyewe na kuziimba Jumapili, zina mtunzi aliye hai. Kuzitafsiri na kuziweka mtandaoni kunahitaji ruhusa yake. Kanisani hakuna aliyewahi kuwasumbua. Mkizipakia mtegemee dai. Wengi wa wenye nyimbo hizo huacha video ibaki na kuchukua pesa za matangazo, na kwa kwaya isiyopata pesa za matangazo hilo si pigo. Likubalini, msigombane nalo.

Lakini panapo haki, gombeni. Hivi ndivyo inavyofanyika kwa upande wa YouTube, ambako hatua ziko wazi kuliko kwingine.

Soma kwanza taarifa uliyoletewa, maana kuna dai na kuna onyo, navyo ni vitu viwili. Dai hutoka kwa mfumo, na halidhuru chaneli yako. Onyo hutokea mtu anapotuma taarifa rasmi ya kisheria kutaka video iondolewe. Ukipata maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufutwa. Kwa hiyo dai lisikutie hofu hata ukafuta video yenyewe. Nimeona watu wakifuta kumbukumbu ya mazishi ya mzazi wao kwa sababu ya barua pepe ambayo haikuwa inawataka wafute chochote.

Ukiwa na uhakika, fungua ukurasa wa hakimiliki wa video hiyo ndani ya chaneli yako. Utapewa nafasi ya kukata kipande, kubadilisha wimbo, kunyamazisha wimbo, au kutoa pingamizi. Ukichagua pingamizi utaulizwa sababu: video ni yako yote, una kibali, kazi iko huru kwa umma, au ni matumizi ya haki. Mwenye dai ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, dai linaanguka. Akikataa, unaweza kukata rufaa, naye hapo ana siku 7 tu za kuamua kuachia au kutuma taarifa rasmi ya kuondoa. Akituma hiyo, unapata onyo, na unabaki na kinga-taarifa (counter notification), yaani jibu lako rasmi la kisheria, ambayo humpa siku 10 za kazi kwenda mahakamani la sivyo video irudi.

Andika kwa Kifaransa au Kiingereza chepesi, sentensi chache, bila hasira. Kwa video ya msiba, kwa mfano, ningeandika hivi: “Hii ni kumbukumbu ya mazishi yaliyofanyika Kiwanja. Wimbo unasikika kuanzia dakika ya 6 na sekunde 10 hadi dakika ya 6 na sekunde 50, kwa mbali, kutoka kwenye spika iliyokuwa inapigwa jirani. Sikuuchagua wala sikuuongeza baadaye. Juu yake mchungaji anasema maneno ya kuaga. Video ina dakika 31. Haiuzwi, na hakuna mtu atakayeitumia badala ya kununua wimbo.” Ona kwamba kila sentensi inajibu kimojawapo cha vile vipimo vinne. Ukiandika tu kwamba hujakusudia kuvunja sheria, hujajibu kitu.

Nina onyo moja kubwa kwa mtu aliye Kiwanja au popote Rutshuru leo. Kinga-taarifa hudai jina lako kamili, anwani na nambari ya simu, na YouTube humpelekea mwenye dai habari hizo. Unakubali pia kwamba unaweza kushitakiwa katika mahakama ya Marekani, na unaapa kwamba unasema kweli. Mahali ambapo watu wanajihadhari hata kutaja mtaa wanakolala, hilo si jambo dogo. Kama video yenyewe inaonyesha habari za usalama, usiijaze fomu hiyo peke yako: inaruhusiwa mwakilishi aijaze kwa niaba yako, kwa mfano wakili aliye mbali. Ukikosa mwakilishi, kubali kupoteza ile video mtandaoni na uitunze faili yake.

Kutunza faili ndiko ningeanzia kama ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu. Video ya asili, kabla haijakatwa wala kuongezwa muziki, ndiyo ushahidi kwamba wimbo ulikuwa ukipigwa ukumbini. Simu huibiwa, huanguka, na kuna siku mtu huondoka nyumbani bila kubeba kitu. Tuma nakala kwa ndugu aliye mji mwingine. Mega za intaneti zikiwa ghali, mpe msafiri flash. Kwa kameramani kuna ujanja wa ziada unaostahili kuwa desturi: weka maiki ndogo kwenye koti la msemaji au karibu na kipaza sauti, uipate sauti yake katika faili peke yake. Jukwaa la mtandaoni likinyamazisha wimbo, unapakia upya maneno bila muziki. Na ukihitaji muziki wa kupambia, nenda kwenye maktaba ya sauti ya YouTube, au tafuta kazi zenye leseni za Creative Commons na usome sharti la kila moja, au, bora kuliko vyote, mwombe mwanamuziki wa hapa. Ujumbe wa WhatsApp unaosema “nakuruhusu kutumia wimbo wangu huu katika video ya arusi ya fulani, ukurasa wako wa Facebook na YouTube” wenye tarehe ni kibali. Upige picha ya skrini na uuhifadhi.

Kwa wanamuziki wenyewe, mnaosoma haya kwa wasiwasi: nawaelewa. Umekesha studio, umelipia biti, na wimbo wako unasikika Goma hadi Beni bila hata franka moja kurudi. Halafu mtu anakuja kukuhubiria habari ya matumizi ya haki. Afrika Kusini wanamuziki wengi waliupinga mswada wa hakimiliki kwa sababu hiyohiyo. Bunge liliupitisha 2019, Rais Ramaphosa akaurudisha 2020, ukapitishwa tena 2024, na Oktoba mwaka huo akaupeleka Mahakama ya Katiba. Hofu yao ina mizizi: hiyo ndiyo nchi ya Solomon Linda, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 na kufa maskini 1962 huku wimbo wake ukizunguka dunia, hadi warithi wake walipofikia makubaliano 2006. Lakini aliyemdhulumu Linda hakuwa mtangazaji aliyechambua wimbo wake kwa dakika moja, wala mama aliyepiga video ya mtoto. Ni biashara kubwa iliyochukua wimbo mzima. Kanuni ya matumizi ya haki iliyoandikwa vizuri inawagusa wale wadogo na kumwacha yule mkubwa alipe.

Tena mashine hiyohiyo inaweza kukugeukia wewe. Kijana ananunua biti ya mtandaoni yenye leseni ambayo watu mia wengine wamepewa, anatoa wimbo kupitia msambazaji, anaweka alama ya kujiunga na Content ID. Mfumo unaichukua ile biti kama mali yake na kuanza kuwadai wengine wote walioitumia, nao wanamdai yeye, hadi msambazaji anaufuta wimbo wake. Kama biti si yako peke yako, usijiunge. Kama ni yako, hifadhi faili za studio zenye tarehe, na siku ileile ya kurekodi andikeni karatasi ya mgao: nani ametunga maneno, nani sauti, nani biti, asilimia ngapi kila mmoja, na saini. Karatasi ya daftari inatosha. Ugomvi mwingi wa nyimbo ninaoujua ulianza kwa sababu karatasi hiyo haikuandikwa watu walipokuwa bado marafiki.

Nafika kwenye sheria tunayopaswa kuidai.

Februari 2007 mama mmoja wa Pennsylvania, Marekani, Stephanie Lenz, aliweka YouTube video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza jikoni, wimbo wa Prince ukisikika kwa nyuma. Kampuni ya muziki ya Universal ikataka iondolewe. Lenz alikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikaamua kwamba mwenye haki lazima kwanza afikirie kama matumizi ni ya haki kabla ya kutuma taarifa ya kuondoa. Hilo ndilo la kwanza ningetaka sheria yetu iseme: anayedai ndiye aanze kupima, na mzigo usimwangukie mwenye simu peke yake. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa 2019, kifungu cha 17, umeyataka majukwaa yasizuie nukuu, uchambuzi na kazi za dhihaka. Kenya, katika marekebisho ya 2019, imeandika utaratibu wa taarifa za kuondoa na majibu yake, na ikafanya kutuma taarifa ya uongo kuwa kosa la jinai. Congo inaweza kuchukua yote mawili.

La pili ni kifungu chenye vipimo vinne kama cha Uganda, kikifuatwa na mifano iliyotajwa kwa majina: uchambuzi, ufundishaji, habari, ibada, na kumbukumbu za familia. La tatu, na hili kwa Kivu ndilo la lazima, ni wimbo ulioingia kwenye video bila kukusudiwa. Sheria ya Uingereza ya 1988, kifungu cha 31, inaruhusu kazi iliyoingia kwa bahati, lakini inaukataza muziki ulioongezwa kwa makusudi. Mgawanyo huo ni wa haki na unaeleweka na kila kameramani. Kwetu uongezewe sharti kwamba jukwaa linaloweza kutenganisha wimbo na maneno lisizime maneno. Watu wa Kiwanja walioyapitia mauaji ya Novemba 2008 wanajua thamani ya shahidi anayesikika. Mauaji ya siku zile yangepigwa video leo, na redio ikawa inapiga muziki nyumba ya pili, ushahidi wenyewe ungeweza kunyamazishwa kwa sababu ya wimbo.

La nne ni pa kupeleka malalamiko bila kusafiri. Goma ilianguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na Kinshasa ni mbali kwa nauli na kwa mengine yote. Mtu aweze kulalamika kwa simu, kwa Kiswahili, na ajibiwe kwa tarehe inayojulikana. La tano ni la wanamuziki: pesa ambazo majukwaa yanalipa kwa nyimbo za Congo zitolewe hesabu hadharani kila mwaka, mtunzi wa Rutshuru aone jina lake na kiasi chake. Bila hilo la tano sitawalaumu wakipinga mengine manne.

Barua ya kuyaomba haya iende kwa wabunge waliochaguliwa kutoka Rutshuru, wizara ya utamaduni na SOCODA. Msiijaze nadharia. Kila kwaya na kila kameramani aandike visa vyake kwa mstari mmojammoja: tarehe, urefu wa video, sekunde za wimbo, kilichofungwa, jibu lililopatikana baada ya pingamizi. Majina ya watu na mitaa yasiwekwe. Aliye nje ya eneo ndiye akusanye na kutia saini. Barua iandikwe Kifaransa kwa ajili ya Bunge, na nakala ya Kiswahili isomwe katika mazoezi ya kwaya, ili kila aliyetoa kisa chake ajue kilivyoandikwa kabla haijatumwa.